Sanda ya duara: namna ya kuichagua na kuitumia mpaka meza itoke safi

Wadau, leo mvua imeanza Moshi tangu alfajiri, vanishi haikauki kabisa, kwahiyo nimekaa tu karakanani hapa Pasua nikaona nitumie huu muda kuandika kitu ambacho vijana wananiuliza kila siku. Ni hii mashine ya msasa ya duara, wengine mnaiita sanda, wengine obito, ile ndogo ya kushika kwa kiganja inayotikisika. Mnauliza ninunue ipi, mbona yangu inaacha alama, mbona msasa unaisha haraka hivi. Nitajibu yote ila naanza na kilichonikuta mwenyewe maana nilijifunza kwa gharama.

Ilikuwa Desemba, kile kipindi watu wote wanapanda nyumbani na kila mtu anataka meza yake iwe imefika kabla ya sikukuu. Nikampelekea mama mmoja kule Machame meza ya mninga ya watu nane, tumeipiga vanishi mara tatu, inameremeta, tukaishusha tukaiweka barazani jua la saa tatu asubuhi linaingia kwa ubavu. Mama akaizunguka mara moja, akainama, akapitisha kiganja juu yake, akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, baba, hii minyoo humu ndani ni ya nini?"

Nikainama na mimi pembeni yake, jicho likawa usawa wa meza, nikaiona. Vimikia vidogo vidogo vimejiviringa, kila kimoja kama sentimita moja hivi, vimetapakaa meza nzima, na vanishi ndo imevitoa kuliko vilivyokuwa kwenye mbao kavu. Karakanani chini ya bati na balbu moja ya katikati sikuwa nimeona hata kimoja. Sikubishana naye, nilimwambia mama naomba niirudishe, tukaipakia tena kwenye kirikuu tukashuka nayo, siku tatu za kukwangua vanishi na kuanza upya, tena mwezi ambao siku moja tu ni hela. Tangu siku hiyo hapa kwetu hizo alama tunaziita minyoo na kila kitu nitakachosema hapa chini kinahusu namna ya kuzizuia zisitokee.

Sasa uelewe kwanza mashine inafanya nini maana asilimia kubwa ya makosa inaanzia hapo. Umeshaona mtu anavyosugua sufuria yenye masizi, kiganja kinafanya viduara vidogo vidogo huku mkono wote unahama polepole? Sanda inafanya hivyohivyo. Ndani yake mhimili wa mota haujakaa katikati ya pedi (ile sahani ya chini inayobeba msasa), umesogezwa pembeni milimita moja na kitu, kwahiyo mota ikizunguka pedi nzima inachora viduara vya upana wa milimita 2.5 mpaka 3 kwa mashine nyingi za kawaida, zile za kazi nzito zinafika 5. Wakati huohuo pedi yenyewe imeshikwa na beringi, iko huru, inajizungukia taratibu kivyake. Changanya hayo mawili utaona punje moja ya msasa hairudii njia yake, mikwaruzo inakatanakatana inakuwa midogo mpaka jicho haliioni. Ndo maana unaweza kuipeleka upande wowote wa uzi wa mbao bila kuharibu, tofauti na msasa wa mkono ambao ukikata uzi tu umeacha mistari.

Afu angalia hapa. Ukiikandamiza, ile pedi inayojizungukia inasimama. Mota bado inatikisa lakini pedi haizunguki tena, kwahiyo kila punje inakaa palepale inachora kiduara kilekile juu ya kiduara kilekile, na huyo ndo mnyoo wa kwanza. Mnyoo wa pili unatoka kwenye uchafu, punje kubwa ya msasa wa namba 60 imebaki juu ya mbao we umeshaweka 180 (namba ikiwa ndogo punje ndo kubwa), ile punje inanasa chini ya pedi na kuchora mkia wake. Kwenye meza ya mama tulikuwa na wote wawili. Dogo anayenisaidia alikuwa anaikandamiza kwa mikono miwili ili aende haraka, akitoka 60 anaruka 180, na katikati hafuti vumbi, na aliyemfundisha hivyo ni mimi.

Na kuna wale wa kufunga diski ya msasa kwenye grinda. Aisee ndugu zangu, najua mafundi wengi huku kwetu ndo wanachotumia, grinda ipo tayari na inakula mbao haraka. Lakini grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika kwenye mhimili mmoja, ukingo wa diski ndo unaokimbia sana, ukiinamisha kidogo tu umechimba mwezi mchanga kwenye mbao na kuutoa huo mwezi ni kazi ya nusu saa. Grinda iache kwa kuchonga kigoda au kutoa magome, kwenye uso wa meza iweke mbali kabisa. Na usichanganywe na namba, kwenye kibandiko cha sanda utakuta pia 12,000, ila hiyo ni idadi ya mitikisiko, pedi yenyewe inazunguka polepole kuliko hapo.

Kuichagua

Kwa kazi za karakana, meza, vitanda, milango, makabati, chukua ya milimita 125, ile ya inchi 5. Inakaa vizuri kiganjani, uzito wake mara nyingi ni kilo moja na nusu hivi au chini kidogo, na diski zake ndo nyingi zaidi madukani. Ya milimita 150 inamaliza uso mpana haraka ila ni nzito na ukiwa unapiga mlango uliosimama mkono unachoka mapema. Wati 250 mpaka 350 zinatosha. Watu wanafikiri wati nyingi ndo ubora, hapana, hii siyo randa ya umeme, haiitaji nguvu nyingi. Hata kwenye LUKU haitakusumbua, mashine ya wati 300 ukiitumia saa nzima bila kupumzika inakula unit 0.3, ni kama shilingi mia na kidogo.

Kitu cha kwanza kuangalia kwenye kibandiko ni volti. Iandikwe 220 mpaka 240, Hz 50. Nasema hivi kwasababu jirani yangu hapa alipata sanda nzuri sana kwenye mitumba, imetoka Japani, ina hali safi kabisa, akalipa akaja nayo mbio, akachomeka, ikapiga kelele kama jeti sekunde tatu ikatoa moshi. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni 120, wetu huku ni 230, mashine ya kule ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu inapata umeme mara mbili ya uliokusudiwa. Kama umeipenda hivyo basi nunua na transfoma ya kushusha, na upige hesabu kama bado ni bei nafuu.

Cha pili, iwe na gurudumu la kupunguza spidi. Vanishi ya zamani ukiipiga kwa spidi kubwa inapata moto inayeyuka inaganda kwenye msasa, na veneer ya plaiwudi, lile ganda jembamba la mbao la juu, inahitaji upole, kwahiyo mashine ya spidi moja tu itakubana siku hizo. Cha tatu ni breki ya pedi. Ni mpira wa duara unaogusa mgongo wa pedi ili isizunguke kama feni ukiiinua hewani. Muombe muuzaji akuwashie, iinue, uiangalie. Pedi ikizunguka kwa utulivu iko sawa, ikipiga mbio kiasi kwamba ukiishusha kwenye mbao itaruka basi ule mpira umekwisha au haupo, na kwenye mashine za mitumba hicho ndo kitu kinachokufa mapema kuliko mota. Tena hapohapo izime, shika pedi uichezeshe kushoto kulia, kuzunguka kwa ulaini ni kawaida lakini ikigongagonga ndani beringi imeliwa.

Cha nne, na hiki watu wengi wanakisahau, muulize una pedi yake ya spea? Una kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota? Akikwambia zitakuja, ujue haziji. Pedi ni kitu cha kuisha, ile sehemu ya kunata kama ya viatu vya watoto inalika baada ya miezi kadhaa ya kazi, na mashine bila pedi ni mzigo tu. Ndo sababu kama una hela napendelea Bosch, Makita au DeWalt, spea zake unazipata Arusha na hata hapa Moshi mjini, na sababu hiyohiyo ndo inafanya Ingco na Total ziwe na maana kwa anayeanza, maduka yake ni mengi na ukiharibikiwa unajua pa kwenda. Ila majina makubwa ndo yanayoigizwa, kwahiyo shika mkononi, soma kibandiko, maandishi yasiwe yamepinda wala yasifutike kwa kidole, na bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote usijidanganye kwamba umeotea.

Za betri ni nzuri kwa fiti za nyumba za watu, unapanda na makabati Njiro au Sakina huko Arusha, huhitaji ekstensheni. Kwa karakana hapana. Betri ya volti 18 yenye Ah 4 ina watt-saa 72 tu, linganisha na mashine ya waya ya wati 300 utaona haiwezi kukubeba mchana mzima, utahitaji betri tatu zinazopokezana. Za upepo zinafaa kwa wapaka rangi wa magari wenye kompresa kubwa, kompresa ndogo ya lita 50 itakuwa inakimbiza upepo muda wote na bado haitoshi.

Msasa ndo gharama yenyewe

Niseme wazi, mtu ananunua mashine ya bei halafu anaenda kununua msasa wa bei ya chini kuliko wote sokoni. Ni afadhali ufanye kinyume. Kwangu meza ya mninga ya mita 2 kwa 1 inakula diski nne mpaka tano za namba 80, tatu za 120 na mbili za 180, na hiyo ni msasa mzuri. Ule mbaya punje zinapukutika, na umeshaelewa punje iliyopukutika inafanya nini. Piga hesabu ya diski kumi kwa kila meza, kwa mwaka una meza ngapi, utaona mashine ni hela ndogo tu pembeni. Mwanzoni nilikuwa simpigii mteja hesabu ya msasa kabisa, sasa naiandika kwenye bei kama ninavyoandika mbao.

Diski ukinunua angalia matundu. Mashine nyingi za 125 zina matundu 8, na diski lazima ziwe na matundu yanayokaa sawa na ya pedi, kwasababu vumbi linanyonywa kupitia hapo kwenda kwenye mfuko. Nimeona vijana wanabandika diski ovyo, matundu yamezibwa nusu, vumbi linabaki chini ya msasa, msasa unaziba, mashine inapata moto, na ule moto unayeyusha vile vikulabu vya kunata. Sekunde mbili tu za kulinganisha matundu zinakuokolea pedi. Na usiwashe mashine hata kidogo juu ya mbao bila diski, unasaga pedi moja kwa moja.

Namba zenyewe ni hivi. Mbao ikiwa imetoka kwenye randa vizuri anza na 80, kama ina alama nzito za msumeno anza 60, halafu 120, halafu 180. Usiruke. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, 180 haiwezi kufuta mikwaruzo ya 60, itaing'arisha tu mpaka utafikiri imeisha kumbe inakusubiri vanishi. Kwa vanishi au sila (ile ya kupaka kwanza kuziba mbao) malizia 180 au 220. Kama unapaka mafuta simamia 150 au 180, ukizidisha mbao inakuwa laini sana hainywi. Na kwenye kichwa cha mbao, pale ilipokatwa na msumeno, panda namba moja zaidi maana pale pananywa sana na pakibaki na msasa mkali patatoka peusi kuliko uso.

Msasa ukiziba usiutupe haraka. Chukua soli ya raba ya kiatu cha zamani, washa mashine, isugulishe taratibu kwenye ile soli, utaona utomvu na vumbi vinatoka kama vifutio. Kwa mbao za paini na saiprasi hizi zinazotoka West Kilimanjaro hii inasaidia sana maana zina gundi yake ya asili na masika zinakuja hazijakauka vizuri. Hapo tena, mbao mbichi usiipige msasa, iache ikauke, utamaliza boksi zima la diski na wiki mbili baadae uso utakuwa umevimba nyuzi tena.

Kuitumia

Piga msasa vipande kabla hujaviunganisha. Kona ya ndani ya kabati sanda ya duara haifiki, utaishia kugonga ukuta wa pembeni na kuacha alama ya nusu duara. Zamisha misumari yote kwanza, kichwa kimoja cha msumari kinachana diski mara moja. Gundi iliyotoka pembeni ikwangue kwa patasi ikiwa bado kama jibini, ukiiacha ikakauka ukaipiga msasa itajisambaza kwenye mbao, huioni mpaka vanishi ipite, ndo utaona madoa meupe.

Sasa chukua penseli, chora mistari ya mawimbi juu ya uso wote, mepesi, kila pembe. Hii ndo njia pekee ninayoiamini. Unapiga 80 mpaka mistari yote imeondoka, mahali ambapo penseli imebaki ni bonde au ulipapita haraka. Ukibadilisha namba unachora tena. Dogo sasa hivi namwambia sikukagui mimi, penseli ndo inakukagua.

Afu chora mstari mmoja wa maka peni kwenye ukingo wa pedi, mweupe kama pedi ni nyeusi. Weka mashine flati juu ya mbao, ndo uwashe, usiwashe hewani ukaiangusha. Ukiwa unapiga angalia ule mstari, unatakiwa uuone unazunguka taratibu. Ukisimama, umekandamiza, legeza mkono. Uzito wa mashine na uzito wa kiganja kilicholala vinatosha. Vijana hawaamini hili mpaka wajaribu, kwahiyo mi nawapa vipande viwili vya mninga, kimoja kandamiza kimoja legeza, halafu paka thina juu yake, wanaona wenyewe.

Spidi ya mkono ni polepole kuliko unavyofikiri, kama sentimita mbili na nusu kwa sekunde, na kila msafara uingie nusu ya msafara uliopita. Ukipiga hesabu kwa ile meza ya mita 2 kwa 1, unapita kama mara 16 kwa urefu, jumla mita 32, yaani dakika 20 na kidogo kwa namba moja tu. Kwahiyo ukiona umemaliza uso wa meza ya watu nane kwa dakika tano ujue umeipapasa. Usikae sehemu moja ukifukuza doa, utachimba bakuli ambalo mkono hausikii lakini vanishi itaonyesha, panua eneo kidogo kidogo kuzunguka lile doa. Ukingoni mwa meza nusu ya pedi ibaki ndani ya mbao muda wote, na usiinamishe mashine hata kama kuna kitu kinakukera pale pembeni, kichukue kwa msasa wa mkono.

Paini na saiprasi zina tabia yake, pete za ndani laini na ngumu zimepishana, ukikandamiza unakula laini unaacha ngumu, uso unakuwa wa mawimbi kama bati. Mkongo na loliondo ni ngumu, hapo utashawishika kuegemea mashine, badala yake badilisha diski mapema. Plaiwudi yenye veneer anza na 180 moja kwa moja, spidi ya chini, veneer nyingi ni nyembamba haifiki hata milimita moja, na hapo penseli ikifutika tu unaacha hapohapo.

Kati ya namba na namba, zima, chomoa diski, piga brashi au upepo juu ya mbao, halafu futa kwa kitambaa kikavu, na futa na pedi pia. Ni dakika mbili. Ningezifuata hizo dakika mbili ile Desemba nisingerudi na meza.

Mwisho wa 180, chukua msasa wa mkono wa namba hiyohiyo, ufunge kwenye kibao, pita kufuata uzi wa mbao mara chache kwa urefu wote. Hiyo inafuta vile viduara vidogo vilivyobaki na kuvilaza kwenye uzi. Halafu ndo kipimo chenyewe. Zima taa ya juu, chukua taa ya simu uilaze pembeni kabisa mwa meza, mwanga upite juu ya uso kama jua la asubuhi, na futa na kitambaa chenye thina kidogo. Thina inaonyesha kile vanishi itakachoonyesha, ila yenyewe inakauka na kupotea. Ukiona mnyoo mmoja, rudi namba moja nyuma eneo lile lote, siyo pale tu. Ile meza ya mama niliifanyia hivyo sehemu tatu tofauti, nikaipandisha Machame tarehe 23, tukaiweka barazani palepale kwenye jua lilelile, akainama tena, safari hii alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa, halafu akauliza viti vinakuja lini.

Sila au vanishi ya kwanza ikikauka usiirudie na mashine yenye 180, utaitoboa. Tumia 320 kwa mkono, mepesi mpaka uso uwe kama maziwa, futa, paka ya pili.

Vumbi

Hapa nawaomba sana. Kuna mzee tuliyekuwa naye kazini miaka mingi hakuwahi kuvaa kitu chochote usoni, sasa hivi akipanda ngazi anasimama katikati. Vumbi la mbao siyo vumbi la barabarani. Taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, hasa ya ndani ya pua. Na mbao zetu tunazozipenda, mninga na mvule, vumbi lake linajulikana kwa kuwasha pua na kuamsha pumu. Sanda inatoa vumbi jembamba kuliko msumeno, lile la msumeno linaanguka, hili la sanda linaelea, unalivuta hata nusu saa baada ya kuzima mashine.

Kufunga kitambaa au ile barakoa ya bluu ya hospitali haisaidii sana, tafuta N95 au FFP2, ikae imebana puani. Kama una vakyumu hata ya nyumbani, iunganishe na sanda, mara nyingi mdomo wa mpira hauingii sawa, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kivalishe pande zote mbili na ukaze na klipu, kinashika vizuri. Fanya kazi karibu na mlango na upepo uwe unatoka mgongoni kwako kwenda nje. Mfuko wa vumbi umwage ukifika nusu, ukijaa haunyonyi tena. Lile la mninga mi naliweka kwenye kopo, nachanganya na gundi ya mbao kuziba nyufa ndogo, linafanana na mbao yenyewe japo linatoka jeusi kidogo. Vumbi la vanishi ya zamani hilo usilihifadhi ndani wala kwenye mfuko wa mashine usiku, likiwa na moto na kemikali linaweza kuwaka lenyewe, lipeleke nje. Matambara ya mafuta ya linseed ni hivyohivyo, yatandaze nje yakauke, usiyafinye kwenye pipa.

Utunzaji

Kila jioni pulizia upepo kwenye matundu ya mota, vumbi likijaa ndani mota inachemka. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha diski, siyo kuzima swichi tu. Vidole vikianza ganzi pumzika, huo mtikisiko unaingia kwenye mishipa. Waya upitishe begani ukae nyuma yako. Ukiona cheche nyingi kwenye matundu ya pembeni au mashine inakatakata, ni kaboni zimeisha, zifungue, zikiwa fupi kama milimita tano hivi badilisha zote mbili kwa pamoja, na usingoje zikatike maana zikila mpaka shaba mota imekwenda. Pedi ikianza kuachia diski katikati ya kazi usibandike kwa gundi ya viatu, nunua pedi, kaza skrubu zake sawasawa, na chora tena ule mstari wa maka peni kwenye ukingo kabla hujaanza.